Mmoja kila jioni, mwingine mwisho wa mwezi: mgonjwa ni nani?

*Daktari, natumai uko salama. Mume wangu ana miaka 46, ni mhasibu mjini. Kila jioni hukaa kwenye kochi na mzinga wake wa pombe kali, akamaliza nusu, akaenda kulala. Hapigi mtu, hatukani mtu, karo inalipwa na kodi inalipwa. Ndugu yake mdogo, yaani shemeji yangu, ana miaka 29. Huyo anaweza kukaa wiki tatu bila hata kuonja, lakini mshahara ukiingia hupotea siku tatu au nne, na mara ya mwisho tulimtoa kituo cha polisi akiwa hana viatu. Wazee wamekaa wakaamua shemeji apelekwe rihabu miezi mitatu. Mume wangu, ili kumtia moyo, ameapa mbele yao kwamba naye ataacha Jumatatu ijayo, papa hapa nyumbani, bila dawa, kwa sababu yeye “anajua kunywa”.*

*Nataka kujua: huu ni ugonjwa mmoja au ni miwili? Unatibiwa vilevile? Na kuna mama kanisani ameniambia zipo tembe za kutia kwenye chai, mtu akaichukia pombe bila kujua. Ni kweli?*

*Nilikuwa nasahau. Pasaka tulienda kwetu Nyeri. Wazazi wangu ni walokole, pombe haiingii boma lile. Mume wangu alishikwa na malaria siku ya pili, akatetemeka na kutoa jasho mpaka shuka ikalowa. Walimpima hawakuona kitu.*

*Mama Ivy, Umoja*

Mama Ivy, nitaanzia mkiani, kwenye hiyo Pasaka uliyokuwa unaisahau. Mtu atoke Nairobi aende Nyeri, kote baridi na mbu wa malaria ni wa kutafuta, kisha siku ya pili atetemeke, shuka ilowe, na kipimo kisione kitu: hiyo si malaria. Huo ulikuwa mwili wa mumeo ukidai pombe. Nikikuuliza alipona lini, nadhani utaniambia ni siku mliyorudi, baada ya kusimama Karatina “kununua maji”.

Kwa hiyo kabla sijagusa maswali yako, nakuomba jambo moja. Jumatatu asiache. Najua linasikika vibaya likitoka kwa daktari. Ninachokataa ni kuacha nyumbani, ghafla, kwa kiapo. Aache, lakini awe mahali penye dawa na mtu wa kumwangalia usiku. Siku mbili tatu zilizobaki kabla ya kufika hapo, aendelee na kipimo chake, akipunguza kidogo akiweza, asikate mara moja.

Sababu yake ni hii. Pombe hupoza ubongo, ni kama breki. Ukiuwekea ubongo breki kila jioni kwa miaka, nao hujifunza kukanyaga mafuta zaidi ili kazi iendelee. Umewahi kupanda matatu ambayo dereva amesahau breki ya mkono? Gari linanguruma, linanuka, lakini linakwenda. Sasa fikiria breki hiyo ifunguliwe ghafla huku mguu bado umekandamiza mafuta. Ndicho kinachompata mnywaji wa kila siku akiacha kwa ghafla. Kati ya saa 6 na 24 tangu glasi ya mwisho huanza mikono kutetemeka, jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio, usingizi kukataa. Kati ya saa 6 na 48 anaweza kuanguka kifafa, hata kama maishani mwake hajawahi kukiona. Siku ya pili hadi ya nne baadhi yao huingia kwenye hatua mbaya kuliko zote: homa, shinikizo la damu kupanda, kuweweseka na maruweruwe. Bila matibabu, watu hufa hapo.

Nilipokuwa bado mwanagenzi wodini tulimlaza fundi wa mabomba aliyevunjwa mguu na bodaboda. Tulimfunga plasta vizuri kabisa. Hakuna aliyemuuliza anakunywaje, mimi nikiwa wa kwanza kutouliza. Usiku wa tatu nilimkuta amekaa kitandani akitoa siafu kwenye blanketi, mmoja mmoja, kwa ustaarabu mkubwa, akiwatia ndani ya kikombe cha plastiki. Aliniomba nikifunike wasitoroke. Nilichungulia kikombe. Kilikuwa kikavu, hakina hata mbu. Jasho lilikuwa likimtiririka na mapigo ya moyo hayahesabiki. Alipona, lakini tangu siku ile swali la pombe huliuliza kabla ya swali la maumivu, hata kwa kina nyanya wenye rozari.

Na jambo ambalo wengi hawaambiwi: kila mara mwili unapokatwa pombe ghafla, mara inayofuata huelekea kuwa kali zaidi. Pasaka alitetemeka tu. Sikuahidi kwamba Jumatatu itaishia hapo.

Tupige hesabu sasa, kwa kuwa mumeo ni mhasibu na ataielewa kuliko mahubiri. Mzinga una mililita 750. Nusu yake ni 375. Ikiwa pombe hiyo ni ya asilimia 40, ndani yake mna gramu 118 hivi za alkoholi tupu. Chupa ya bia ya nusu lita, ya asilimia 5, ina gramu 20 hivi. Kwa hiyo mumeo hunywa bia 6 kila usiku wa Mungu, ila kwa kuwa ziko ndani ya chupa moja hakuna anayezihesabu. Kwa mwezi ni kilo 3 na nusu za alkoholi tupu. Sasa chukua shemeji. Tuseme ni mnywaji hodari, bia 10 kila usiku kwa usiku 4. Hizo ni gramu 800. Hafiki hata robo ya kaka yake. Lakini yeye ndiye aliyepatikana bila viatu, basi yeye ndiye mgonjwa. Wazee wenu wamepima ugonjwa kwa aibu iliyoletwa nyumbani, na kitanda wamempa asiyekihitaji sana.

Sasa swali lako la kwanza: ni ugonjwa mmoja au miwili. Madaktari wamelizungukia hilo kwa muda mrefu. Mtafiti E. M. Jellinek, mwaka 1960, aliwagawa wanywaji kwa herufi za Kigiriki. Alfa ni yule anayekunywa ili kunyamazisha uchungu wa moyo au wasiwasi, bila mwili kuwa mtumwa. Beta ni yule ambaye pombe imemharibu tumbo au ini lakini anaweza kuacha bila kutetemeka. Gama anaweza kukaa bila pombe, ila akishagusa glasi ya kwanza hana mamlaka tena juu ya zinazofuata. Delta ni kinyume chake: kiasi anakimudu, halewi akaanguka, lakini siku moja bila pombe hawezi. Na epsiloni ni wa misimu, hupotea akanywa mfululizo, akarudi, akatulia. Delta, alisema Jellinek, utamkuta kwa wingi Ufaransa, kwa wanywaji wa divai wanaolamba siku nzima na hakuna aliyewahi kuwaona wakipepesuka. Huna haja ya kwenda Ufaransa, Mama Ivy. Uko naye kwenye kochi. Shemeji yako anasimama mahali fulani kati ya gama na epsiloni.

Sikupi herufi hizi ili ukazibandike watu. Zina kasoro. Utafiti wa mwanzo wa Jellinek, wa mwaka 1946, ulijengwa juu ya majibu ya wanaume 98 wa AA, kile chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, na majibu ya wanawake aliyaweka kando kwa kuwa hayakufanana na ya wanaume. Ndiyo maana hadi leo mama anayekunywa peke yake jikoni, mlango umefungwa, ili alale, hupita katikati ya vidole vyetu. Baadaye, miaka ya 1980, daktari wa akili wa Marekani, Cloninger, aliwatazama watoto waliolelewa na familia zisizo zao kule Sweden, akatoa aina mbili tu: wale ambao pombe huwashika baada ya miaka 25, wenye hofu na kujilaumu, na wale inaowashika wakiwa vijana wadogo, wengi wao wanaume, wenye damu ya haraka na historia ya ulevi ukoo mzima. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walipanga waraibu wa nchi hiyo katika makundi 5. Kundi kubwa kuliko yote, karibu thuluthi moja, lilikuwa la vijana ambao wachache tu kati yao walikuwa na ugonjwa mwingine wa akili. Waliofanana na mumeo, watu wazima wenye kazi, familia na kodi iliyolipwa, walikuwa karibu mmoja kati ya watano. Yule tunayemwona akilini tukisikia neno mlevi, aliyepoteza kila kitu, analala mtaroni, alikuwa katika kundi dogo kuliko yote, la asilimia 9.

Sisi wa kliniki siku hizi hatuanzi na aina, tunaanza na uzito. Tuna dalili 11: kunywa zaidi ya ulivyokusudia, kujaribu kupunguza ukashindwa, kiu isiyotulia, kuhitaji zaidi ili uhisi kile cha zamani, kutetemeka ukiacha, na nyinginezo za namna hiyo. Mwenye 2 au 3 ni hali nyepesi, 4 au 5 ya kati, 6 na kuendelea ni nzito. Kwa hiyo jibu fupi: ni ugonjwa mmoja wenye milango mingi, na matibabu hufuata mlango ambao mtu ameingilia. Mimi binafsi nina swali moja ninaloliamini kuliko herufi zote. Siulizi mtu hunywa nini au na nani. Nauliza: usipokunywa, nini hutokea? Mumeo asipokunywa, mwili unaasi. Shemeji asipokunywa, hakuna kinachotokea. Kwake yeye balaa liko kwenye glasi ya kwanza.

Tuanze na mumeo, maana ndiye mwenye haraka. Hatua ya kwanza ni kuutoa mwili kwenye pombe salama, na kwa kipimo chake, pamoja na lile tukio la Nyeri, mimi singeifanyia sebuleni. Hospitalini atapewa dawa ya jamii ya diazepamu, ambayo huchukua nafasi ya breki ile, kisha inapunguzwa polepole kwa siku 5 hadi 7 hivi. Ini likiwa limechoka hutumika nyingine ya jamii hiyo isiyolielemea. Asimezee tembe hizo nyumbani juu ya pombe, tafadhali. Viwili hivyo pamoja vinaweza kuzima pumzi. Pia atachomwa vitamini B1, thiamini. Wagonjwa huidharau sindano hii kwa sababu ni vitamini, na mimi ningeichagua kabla ya nyingine nyingi. Mnywaji wa miaka huwa amekaukiwa thiamini, na akikosa, ubongo unaweza kujeruhiwa: macho yakacheza, miguu ikapepesuka bila pombe, kumbukumbu ikaondoka na isirudi. Waulize manesi kama amepewa kabla ya kutundikiwa dripu ya sukari au pamoja nayo. Uliza bila kuona haya. Wauguzi wazuri hawachukii swali hilo.

Lakini wiki hiyo moja si matibabu, ni kusafisha meza tu. Familia nyingi huchanganya mambo hapa: mtu anatoka wodini uso unang'aa, wanachinja mbuzi, na baada ya wiki tatu mzinga uko chini ya kiti cha gari. Kinachofuata ndicho kirefu. Zipo dawa mbili ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2023. Akamprosati hutuliza ule ubongo uliozoea kukanyaga mafuta. Huanzwa mtu akishaacha, humezwa mara tatu kwa siku, na hupimwa figo kwanza. Naltreksoni huondoa utamu wa pombe, mtu akinywa haoni ile raha iliyomleta; hiyo hupimwa ini, na haipewi mtu anayetumia dawa za maumivu kama tramado, kwa kuwa zitagongana. Kwa mtu wa aina ya mumeo mimi huelekea kwenye akamprosati, hasa vipimo vya ini vikija vibaya. Si kila duka la dawa Nairobi linaziweka, kwa hiyo piga simu kabla ya kupanda matatu.

Na atahitaji kitu cha kufanya saa moja jioni. Naongea kwa uzito wote. Mzinga ulikuwa ndio jioni yake. Ukiuondoa bila kuweka kitu pale, utabaki na mwanamume wa miaka 46 anayetazama ukuta. Nina mgonjwa aliyeanza kumfundisha binti yake hesabu kila siku saa moja hadi mbili, akasema mwezi wa kwanza alikuwa akimchukia Pythagoras kuliko daktari wake. Wengine huenda mikutano ya AA, ipo Nairobi, haina ada, na hakuna anayeuliza unafanya kazi wapi. Mhasibu anayeogopa kuonekana huwa anachagua mkutano wa mtaa wa mbali. Achague tu.

Shemeji sasa. Yeye hahitaji kitanda cha kutolea pombe mwilini, kwani wiki tatu bila kuonja zimekwisha kukuonyesha kwamba mwili wake haujafungwa. Hapo ndipo ninapotofautiana na wazee kwa heshima zote. Kumfungia miezi mitatu ni kumfundisha kukaa bila pombe, jambo ambalo tayari analijua. Asichokijua ni kupita Ijumaa ya mshahara. Atatoka rihabu hodari wa kuamka saa kumi na moja na kuosha sufuria, halafu simu italia, ujumbe wa M-Pesa utaingia, na hatakuwa amefanya mazoezi hata mara moja ya kuutazama ujumbe huo akiwa na akili zake. Juu ya hayo kazi itakuwa imeenda.

Ningependa aonwe kwanza kama mgonjwa wa nje, kila wiki, na mshauri wa masuala ya uraibu. Kazi yao ya kwanza iwe kuchora Ijumaa hiyo yote kwenye karatasi. Mshahara huingia saa ngapi? Yuko wapi wakati huo? Nani humpigia wa kwanza? Anapitia njia gani? Kuna kijana tuliyefanya naye hivi tukagundua kwamba kati ya ofisi yake na baa palikuwa na kinyozi, na ni kwa kinyozi ndiko marafiki walikokuwa wakimngojea. Alibadilisha kinyozi. Kodi na deni la Sacco vilipwe moja kwa moja siku ileile, pesa ya wiki ibaki kwa mtu anayemwamini, na amchague mwenyewe. Msimchagulie ninyi, maana atamwona polisi mwingine. Naltreksoni humfaa mtu wa aina yake, tena wapo wanaoelekezwa na daktari kuimeza siku za hatari tu, saa moja au mbili kabla. Na achunguzwe kama chini ya pombe kuna kitu kingine: sononi, hofu, kutotulia tangu utotoni, jambo lililompata na hajalisema. Hukuniambia alianza kunywa akiwa na umri gani wala baba yao alikuwaje na pombe. Majibu hayo mawili yabebe uendapo kliniki.

Akikataa yote haya, au akihatarisha uhai wake au wa wengine, basi rihabu ina nafasi yake. Siipingi. Ila uliza maswali kabla ya kulipa. Je, kituo kimeidhinishwa na NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya? Daktari huja mara ngapi, au ni jina lililobandikwa ukutani tu? Mgonjwa hupimwa akili na mwili siku ya kwanza? Familia hushirikishwa? Baada ya kutoka kuna ufuatiliaji? Ukisikia kwamba hukamata watu usiku kwa kamba, au “huwanyoosha”, rudi nyumbani na pesa yako. Laini ya NACADA ya 1192 haitozwi, na watakwambia vilivyo karibu nawe. Hospitali ya Mathari, pale Thika Road, ina huduma ya waraibu pia. Kuhusu gharama uliza SHA, ile bima ya afya ya serikali, inalipia nini kabla ya kulazwa, si baada.

Kuna jambo moja la shemeji linalonitisha kuliko kupotea kwake. Mtu wa siku nne huanza na bia, na siku ya nne, pesa ikishakatika, huwa anakunywa chochote kilichopo. Novemba 2000, hapa Nairobi mitaa ya Mukuru, pombe iliyotiwa methanoli iliua zaidi ya watu 100 na kuwapofusha wengine. Methanoli ni mjanja: kwa saa 12 hadi 24 za mwanzo mtu anaweza kuonekana amelewa kawaida au ana hangova tu. Halafu macho yanaanza kuona ukungu, kama theluji inaanguka, tumbo linauma, pumzi inakuwa nzito na ya haraka. Ukiona hivyo usimwache alale “pombe itoke”. Mpelekeni hospitali muda huohuo na mtaje neno methanoli mlangoni. Dawa yake ipo, lakini hushindana na saa.

Sasa hizo tembe za chai. Zipo. Ni disulfiramu, ya tangu miaka ya 1940. Watafiti wawili wa Denmark, Hald na Jacobsen, walikuwa wakiichunguza kama dawa ya minyoo, wakaimeza wenyewe ili waone kama ina madhara. Haikuwafanya kitu, hadi walipoenda karamuni wakanywa kidogo, nyuso zikawaka, moyo ukaenda mbio, wakaanza kutapika. Dawa hiyo huzuia mwili kuimaliza alkoholi, ikabaki sumu njiani. Mtu anayejua, aliyekubali, aliyepimwa moyo na ini, na ambaye hajanywa kwa angalau saa 12, inaweza kumsaidia sana, hasa kama kuna mwenzi wa kumwona akiimeza kila asubuhi. Nina wagonjwa walioipenda kwa sababu, kama alivyoniambia mmoja, “hunipunguzia mjadala, naamua mara moja tu kwa siku”.

Lakini umtilie mumeo kwenye chai, Mama Ivy, naye jioni anywe nusu mzinga? Shinikizo la damu linaweza kuporomoka, moyo ukasimama. Na hata akinusurika, dawa hukaa mwilini hadi wiki mbili, hivyo kila atakapogusa pombe ataugua asijue kwa nini, mpaka siku atakapoikuta tembe kwenye mkoba wako. Siku hiyo hatakula tena chakula chako. Mwambie mama wa kanisani asante, na umwombe asimshauri mwingine hivyo.

Utauliza umwambieje mumeo. Usianze na neno mlevi, atakurudishia kodi na karo, naye atakuwa sahihi. Anza na Nyeri. Mwambie: “Baba Ivy, ile malaria ya Pasaka nimeiuliza kwa daktari, anasema haikuwa malaria, na ukiacha peke yako Jumatatu inaweza kurudi na kifafa.” Kisha mpe hesabu ya mililita na umwachie kikokotoo. Kiapo chake mbele ya wazee usikivunje, kihamishe tu. Bado anaacha Jumatatu, ila anaachia hospitalini, na hilo linaweza kusemwa mbele ya wazee bila aibu. Ninavyowajua wazee, wakisikia neno kifafa watachanga wenyewe.

Kuanzia leo jioni chukua daftari la Ivy lililobaki kurasa, uandike kila siku: alianza saa ngapi, chupa ilishuka hadi wapi (piga mstari wa kalamu kwenye lebo), asubuhi mikono iko vipi akishika kikombe, na kama kuna glasi ya mapema, ile vijana wa hapa huiita ya kutoa loki. Andika pia dawa zote anazomeza, hata za presha, na kama amewahi kuanguka au kugonga kichwa. Jumatatu asubuhi ale kwanza, uji au mayai, msiende na njaa. Asiendeshe yeye. Ukifika mapokezi usiseme mmekuja kwa sababu ya “stresi”, kwa maana mtapangwa foleni ya mchana kutwa. Sema: hunywa gramu 118 kila siku, glasi ya mwisho ilikuwa jana saa tatu usiku, na safari iliyopita alitetemeka. Akianguka kifafa kabla hamjafika, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, na usingoje Jumatatu.